Mfereji na Bima

Malipo ya duniani ni ya namna nyingi, na yaliyo mazito kuliko yote si yale makubwa, bali yale ambayo mlipaji haoni alichokipata. Anunuaye chumvi huiona chumvi. Alipaye karo humwona mtoto akiandika jina lake. Lakini akataye bima ya motokaa hurudi nyumbani na karatasi, na baada ya miezi kumi na miwili karatasi hiyo hufa bila kuzaa kitu. Ndiyo sababu hapana ada inayonung'unikiwa na wenye magari kama hii, wala hapana swali liulizwalo sana mbele ya meza za mawakala kama lile la siku zote: itapungua vipi? Swali hilo si baya. Aulizaye bei ni mtu mwenye akili. Ubaya huanza pale mwulizaji anapodhani kuwa kupunguza bei na kupunguza ukweli ni jambo moja.

Juu ya mji wa Moshi, katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, iko nchi ya Kibosho. Ni nchi ya vihamba: migomba imesimama juu, kahawa chini yake, na magimbi chini ya kahawa; na mpakani mwa kihamba huota isale, mmea ambao Wachaga huutumia kuonyesha mipaka na kuombea msamaha. Mito itokayo mlimani imechimba mabonde marefu, na njia hupanda na kuteremka kwa konakona. Wakati wa kiangazi ni njia. Wakati wa masika, katika sehemu ambazo hazijapata lami, ni sabuni nyekundu. Watu wa huko wanaijua maana ya kinga tangu zamani. Mangi Sina alikuwa na ngome mashuhuri kabla majeshi ya Wajerumani chini ya Wissmann hayajamshambulia mwaka 1891. Ngome ilishindwa; lakini iko kinga nyingine iliyokuwapo kabla ya ngome na ikadumu baada yake, nayo ni mfereji.

Mfereji, au mfongo kwa lugha ya Kichaga, huyatoa maji mtoni mbali juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba. Hapana mtu mmoja awezaye kuuchimba wala kuutunza peke yake. Siku ya kuusafisha hutangazwa, na kila nyumba hutoa mtu na jembe. Asiyekuja hutozwa faini. Anayechepusha maji usiku katika zamu ya mwenzake huitwa mbele ya wazee. Mtu aweza kusafisha mfereji mwaka mzima ilhali mvua imenyesha vizuri na migomba yake haikuhitaji tone la maji yale. Haendi kwa wazee kudai arudishiwe jasho lake. Anajua kwamba alichokinunua si maji tu. Amenunua hakika ya kuwa, siku mvua itakapokataa, maji yatakuja.

Bima nayo ni mfereji, ila hupitisha fedha badala ya maji. Wengi hutoa kidogo kidogo, na kilichokusanywa humfikia yule aliyepatwa na ukame wa ghafula. Maarifa hayo yalikua zaidi baharini kuliko nchi kavu. Katika karne ya 17 wenye meli na wenye mali walikutana mjini London katika mkahawa wa Edward Lloyd, wakanywa kahawa, wakagawana hatari za safari. Na mpaka leo jina la mwenye mkahawa ni jina kubwa katika biashara ya bima ulimwenguni. Mkulima wa Kibosho auzaye kahawa ili alipe bima ya gari hajui pengine kwamba mazao yake na ada yake vilikutana zamani namna hiyo kwenye meza moja.

Magari yalipokuja yalileta jambo jipya. Meli ikizama, mwenye hasara mara nyingi ni mwenye meli na mwenye shehena; lakini gari likipotea njia, mwenye hasara huwa mara nyingi mpita njia asiye na gari wala shehena. Kwa sababu hiyo Uingereza iliwalazimisha wenye magari, kwa sheria ya mwaka 1930, kukata bima kwa ajili ya watu wengine. Tanganyika nayo ilipata sheria ya namna hiyo katika zama za ukoloni, na sheria hiyo, Sura ya 169, ingali msingi wa bima ya magari Tanzania Bara. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likabaki peke yake katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Wakati huo kuuliza bei mahali pawili lilikuwa jambo lisilo na maana, kwani mahali palikuwa pamoja. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na sheria ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ijulikanayo kwa herufi za TIRA.

Yuko Kibosho mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha hesabu katika shule za msingi kwa miaka zaidi ya thelathini. Alipopata kiinua mgongo chake alinunua Toyota Noah iliyotumika Japani, kwa shilingi milioni 20. Gari la namna hiyo katika mkoa ule halihitaji kuelezwa: ndilo lipelekalo wagonjwa hospitalini, maharusi kanisani, na mikungu ya ndizi sokoni. Dereva alikuwa mwanawe wa kiume. Walipokwenda kukata bima waliambiwa njia mbili. Bima ndogo, inayowahusu watu wengine wanaodhuriwa na gari, iligharimu shilingi 118,000, yaani 100,000 za bima na 18,000 za kodi ya ongezeko la thamani. Bima kubwa, inayolihusu na gari lenyewe, ilihesabiwa kwa asilimia 3.5 ya thamani yake: shilingi 700,000, na kodi shilingi 126,000, jumla 826,000. Mwalimu aliitazama hesabu ile kama alivyozoea kutazama hesabu za wanafunzi, akitafuta kosa. Hakuliona. Alikata bima kubwa.

Lakini karatasi ya maombi ilikuwa na swali: gari litatumika kwa kazi gani? Gari la kubeba abiria kwa nauli lina ada kubwa kuliko gari la nyumbani, kwa sababu hukaa njiani siku nzima na hubeba roho nyingi. Kijana alijibu kuwa ni gari la nyumbani. Siku hiyo jibu lilikuwa kweli. Baada ya miezi miwili halikuwa kweli tena, kwani siku za soko alianza kuchukua abiria kuteremka Moshi. Baba alijua. Alizisikia kelele za abiria alfajiri. Jioni alipokea sehemu ya nauli, akaihesabu, akaiweka chini ya kitabu. Mara moja tu aliuliza:

"Mwanangu, na ile karatasi ya bima?"

"Baba, karatasi haisemi njiani. Ni siku mbili tatu tu kwa wiki."

Mzee alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa saini ya pili chini ya mkataba.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gari lilibeba abiria saba na ndizi zao, likiteremka kwenda soko la Mbuyuni. Katika kona moja magurudumu yaliacha kushika. Halikwenda kwa kasi. Watu walioliona walisema lilikwenda kama mtu anayeteleza akiwa amebeba mtungi, polepole na bila msaada. Liliuvuka ukingo, likalala ubavu ndani ya mfereji. Abiria sita walitoka na michubuko. Wa saba, mama muuza ndizi, alivunjika paja.

Mkadiriaji wa hasara alipokuja alikuwa mtu mpole. Aliwasalimu abiria, akawapa pole, akawauliza walikuwa wakienda wapi na walilipa nauli kiasi gani. Nao, kwa kuwa hawakuwa na la kuficha, walimwambia. Barua ya kampuni ilikuwa na aya mbili: gari lilitumika kubeba abiria kwa malipo, kinyume cha mkataba, kwa hiyo madai ya gari hayatalipwa. Kwa upande wa majeruhi sheria ina njia zake, lakini njia za sheria ni ndefu, na mguu uliovunjika haungoji. Kijana aliihesabu tofauti ya ada ambayo walikuwa wameiokoa kwa kusema gari ni la nyumbani, akaona kuwa nauli za majuma machache zingeilipa yote. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi; ilichelewa tu.

Mwalimu aliuza ng'ombe. Aliuza kahawa ya msimu ule kabla haijakauka, akakopa juu ya kahawa ya msimu uliofuata. Katika kikao cha ukoo mtu mmoja alitaja kuuza kipande cha kihamba upande wa chini, na watu wakainamisha vichwa, kwa kuwa kihamba ni mahali walipozikwa wazee, na auzaye kihamba huuza na makaburi. Neno hilo halikurudiwa. Kisha mwalimu alichukua isale, akaenda pamoja na mwanawe nyumbani kwa yule mama, kama desturi inavyotaka kwa aombaye radhi. Hakusema kwamba njia iliteleza. Alisema: "Nilijua, nikanyamaza." Watu wa nyumba ile walilipokea jani. Lakini jani la isale haliungi mfupa.

Mwaka uliofuata, gari lilipokwisha kutengenezwa kwa fedha za mfukoni, mzee alirudi mwenyewe Moshi katika ofisi ya wakala. Binti aliyekuwa mezani alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja kuuliza namna ya kulipa kidogo. Lakini safari hii nataka namna ambayo naweza kuieleza mbele ya watu."

Binti alicheka, akamvutia kiti. Yaliyosemwa asubuhi ile ni mambo ambayo kila mwenye gari angefaa kuyajua, nayo si siri.

La kwanza ni kusema kweli juu ya kazi ya gari na juu ya dereva. Jambo hili halionekani kuwa punguzo, lakini ndilo linaloyapa mapunguzo mengine thamani, maana ada ndogo ya mkataba usiolipa ni ghali kuliko ada zote. Mwalimu na mwanawe walikuwa wamekata shauri: gari lile litakuwa la nyumbani kweli, na kijana atakwenda kuajiriwa katika gari la abiria lenye bima ya abiria, lenye leseni ya LATRA, naye akiwa na daraja la leseni ya udereva linaloruhusu kazi hiyo. Hivyo walistahili ada ya gari la nyumbani, na walistahili kuilipa bila kuogopa mvua. Mficha maradhi kifo humwumbua. Na mficha matumizi ya gari humwumbua ajali.

La pili ni thamani ya gari. Wengi huiandika kila mwaka bei waliyonunulia, kama kwamba gari halizeeki. Noah iliyonunuliwa kwa milioni 20 ilikuwa sasa yenye thamani ya milioni 14 sokoni. Kwa asilimia 3.5, ada ya milioni 20 ni shilingi 700,000. Ada ya milioni 14 ni shilingi 490,000. Tofauti ni shilingi 210,000 kabla ya kodi, na tofauti hiyo hutolewa bure na mwenye gari asiyefikiri, kwani bima hurudisha hasara iliyopatikana, haitoi faida. Gari likiteketea, kampuni hutazama bei yake ya siku ile, si bei ya kumbukumbu. Lakini kisu hiki kina makali pande mbili. Anayeandika milioni 7 kwa gari la milioni 14 ili alipe nusu ya ada amejifanya mwenyewe kuwa kampuni ya bima kwa nusu iliyobaki. Na hata hasara ndogo inapotokea aweza kulipwa sehemu tu, kwa uwiano uleule aliouchagua. Thamani ya kweli ndiyo thamani ya nafuu.

La tatu ni sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hukubali kuibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Akikubali kubeba zaidi, aweza kuomba ada ipungue, kwa kuwa ameiondolea kampuni usumbufu wa mikwaruzo midogo. Shauri hili ni jema kwa mwenye akiba. Kwa asiye na akiba ni mtego, maana siku ya ajali atakuwa na gari lililokatiwa bima na hana fedha ya kulifikia. Mzee aliulizwa angeweza kutoa kiasi gani katika juma moja bila kuuza mnyama. Alifikiri kwa muda mrefu, akataja kiasi kidogo. Binti akaandika hicho.

La nne ni punguzo la kutodai. Dereva anayemaliza mwaka bila kudai hupewa na makampuni mengi punguzo katika mwaka unaofuata. Kwa hiyo mtu hupima kabla ya kudai. Ikiwa ada ni shilingi 490,000 na punguzo, kwa mfano, ni sehemu moja ya kumi, basi thamani ya mwaka wa amani ni shilingi 49,000. Na kudai kioo cha pembeni cha shilingi 40,000 ni kuuza mbuzi ili kununua kamba. Walakini ajali yenye mtu aliyeumia haipimwi kwa hesabu hii. Hiyo huripotiwa upesi polisi na kwa kampuni, hata kama majeruhi amesimama na kusema hana neno. Na mwenye kuhama kampuni huomba barua ya ushahidi kuwa hakudai, ili asiache heshima yake nyuma.

La tano ni kulinganisha. Mwalimu alikuwa amezoea zama za shirika moja, akadhani bei ya bima ni kama bei ya stempu. Sivyo tena. Katika bima kubwa makampuni hutofautiana: katika ada, katika hasara wanazoziacha nje, katika kiasi wanachokubali kulipa kwa mali ya watu wengine iliyoharibiwa, na katika wepesi wa kulipa. Dalali wa bima hutafuta kwa makampuni mengi. Wakala husema kwa ajili ya kampuni aliyoipa mkono. Kutembelea ofisi tatu kwa siku moja Moshi ni nauli ndogo na jasho kidogo. Lakini katika bima ndogo ulinganishaji una mpaka, kwa kuwa kiko kiwango cha chini kinachosimamiwa na Mamlaka. Atokeaye stendi na kuuza stika kwa nusu ya bei hauzi bima. Anauza rangi na gundi. Njia ya kumjua ni nyepesi: namba ya gari huingizwa katika mfumo wa TIRA-MIS, na gari lenye bima ya kweli huonekana humo. Tena bima huanza kwa fedha iliyolipwa, si kwa ahadi. Na asiyepewa risiti hajalipa, hata kama mfuko wake ni mtupu.

La sita ni muda. Mkataba wa mwaka mzima aghalabu huwa nafuu kwa hesabu kuliko vipande vya miezi mitatu mitatu. Mkulima ambaye fedha zake huja na kahawa aweza kupanga siku ya bima yake iwe baada ya mauzo, asije akakopa kwa riba ili alipe ada, na riba ikala punguzo lote aliloliomba.

La saba ni mikono inayoshika usukani. Desemba watu wa Kibosho hurudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula Krismasi nyumbani, na njia za vihambani hujaa magari. Ndugu huomba gari la ndugu, mbege iko mezani, giza limeingia. Mkataba wa bima huacha nje dereva aliyelewa na dereva asiye na leseni, hata kama ni mpwa mpendwa. Mzee alikuwa hajawahi kumnyima mtu ufunguo. Tangu mwaka ule ufunguo ulilala chini ya mto wake, na aliyeuomba aliambiwa kwa upole: "Gari litakupeleka, lakini wewe hutalipeleka."

Yote hayo yaliposemwa liliulizwa swali kubwa kuliko yote: je, isingalikuwa bora kuacha bima kubwa na kubaki na ndogo? Hapa ndipo wengi hupata punguzo kubwa, na si kosa. Gari lililozeeka, lenye thamani ndogo ambayo mwenyewe aweza kuipoteza bila kuanguka, halina haja ya kulindwa kwa ada nzito kila mwaka. Kipimo ni kimoja: gari hili likipotea leo, nyumba itasimama? Ikiwa jibu ni ndiyo, bima ndogo yatosha kwa chuma. Lakini bima ya watu haipunguzwi kamwe, wala si kwa sababu ya sheria peke yake. Chuma kina bei, na hasara ya chuma ina mwisho. Gari la milioni 14 haliwezi kumtia mtu hasara ya chuma chake zaidi ya milioni 14. Mwili wa mtu hauna bei iliyoandikwa, na hasara yake haina ukingo. Kihamba hakikukaribia kuuzwa kwa sababu ya bati la Noah. Kilikaribia kuuzwa kwa sababu ya paja la mama muuza ndizi.

Mzee alichagua bima kubwa kwa thamani ya kweli, kwa kazi ya kweli. Alipokwisha kulipa alilalamika kidogo, kama desturi, kwamba fedha hizi asipopata ajali zimekwenda. Kisha alijisikia akisema, akanyamaza. Kwa maana alikumbuka miaka mingi aliyosafisha mfereji katika mvua njema.

Liko punguzo moja ambalo mtu mmoja hawezi kulipata peke yake. Ada hupangwa kwa hasara za wote. Kila ajali ya uzembe, kila gari lililotengenezwa kwa risiti ya uongo, kila kioo kizee kinachodaiwa kuwa kilivunjika jana, huongezwa katika ada ya jirani asiyejua. Huyo ndiye mchepushaji wa maji wa usiku. Migomba yake itanenepa, na wa chini watadhani mto umepungua. Kadhalika kampuni inayokwepa kulipa dai la haki imeziba mfereji juu kabisa. Na kwa hiyo sheria imeweka Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ili mlipaji aliyenyimwa awe na mahali pa kupeleka shauri lake kabla hajakata tamaa. Uaminifu unaotakiwa ni wa pande zote mbili. Upande mmoja ukikosa, kilichobaki ni mtaro mkavu.

Mama yule anatembea sasa, kwa fimbo. Hapana kampuni wala kikao kilichomrudishia mwendo wake wa zamani. Siku ya kusafisha mfereji inapotangazwa, kijana wa mwalimu hutoka alfajiri na jembe. Husafisha kwanza sehemu ya nyumba yao. Kisha, bila kuambiwa na mtu, huteremka mpaka pale penye kona, akasafisha sehemu ya nyumba ya yule mama. Watu hupita, humsalimu, humwacha na kazi yake. Deni lile halimo katika hesabu ya asilimia 3.5, wala haliko punguzo lake kwa asiyedai. Na mwenye gari atakaye kujua njia ya nafuu kuliko zote ya kukata bima aweza kuipata bila kwenda mjini: alipe kwa kweli, aendeshe kana kwamba hakulipa, na asiipokee nauli ambayo hawezi kuitaja mbele ya mkadiriaji.